Je, mwezi hutufuata? Makosa ya watoto kuhusu anga, na yale tunayowafundisha sisi

Swali: Binti yangu ana miaka saba. Kila tunaposafiri usiku husema mwezi unatufuata. Anaamini pia kwamba nyota huanguka, kwamba mwezi hubaki nusu kwa sababu umefunikwa na kivuli cha Dunia, na kwamba wanaanga huelea kwa kuwa huko juu hakuna mvutano. Nilipotaka kumsahihisha niligundua kwamba mawili kati ya hayo nayaamini hata mimi. Je, nimsahihishe sasa au nimwache akue? Na mawazo haya hutoka wapi?

Jibu: Nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha lipi la kusahihisha sasa na lipi la kusubiri. Mawazo ya mtoto kuhusu anga hutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni jicho lake mwenyewe. Macho yetu mawili hupima umbali kwa kulinganisha taswira mbili zinazotofautiana kidogo, na kipimo hicho hufanya kazi vizuri kwa vitu vilivyo karibu, lakini kitu kikishakuwa mbali zaidi ya mita mia kadhaa hakisaidii tena. Ndiyo maana wingu, ndege inayopita, mwezi na nyota vyote huonekana kana kwamba viko umbali mmoja juu yetu. Upande wa pili ni sisi watu wazima, pamoja na vitabu vyetu vya picha, filamu zetu na yale majibu ya harakaharaka tunayoyatoa ili mtoto anyamaze alale. Makosa ya jicho mara nyingi huisha yenyewe mtoto anapoendelea kutazama na kuhoji. Makosa tuliyompa sisi hukua naye, humfuata hadi chuo kikuu, na siku moja yeye naye huwapa watoto wake. Kati ya manne uliyoyataja, mawili ya kwanza ni ya jicho na mawili ya mwisho ni yetu, na sitashangaa ikiwa hayo ya mwisho ndiyo unayoyaamini na wewe.

Mwezi unaotufuata ni mfano mzuri wa kosa lenye akili ndani yake. Mtoto akichungulia dirishani gari linapokwenda, huona miti ya kando ya barabara ikirudi nyuma kwa kasi, nyumba za mbali zikirudi polepole, na vilima vya mbali zaidi vikisogea kidogo mno. Mwezi peke yake haurudi nyuma. Katika maisha yake yote, kitu pekee ambacho hubaki ubavuni mwake wakati yeye anakwenda ni kitu kinachokwenda pamoja naye, kwa hiyo akisema mwezi unatufuata anakuwa amehitimisha sawasawa kutokana na alichokiona. Kinachokosekana ni tarakimu moja tu: mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,400. Mkisafiri kilomita 10 kuukata mstari wa kuutazama, mwelekeo wake hubadilika kwa kiasi ambacho ni sehemu moja kati ya 350 hivi ya upana wa mwezi wenyewe, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kulitambua badiliko hilo.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyaandika mazungumzo ya namna hii na watoto katika kitabu alichokitoa mwaka 1926, na alionyesha kwamba watoto wadogo huamini kabisa kuwa mwezi hutembea nao, na wengine huupa nia, kana kwamba umeamua kuwasindikiza. Njia aliyoitumia kuwatikisa bado ni bora kuliko maelezo yoyote. Muulize binti yako: ikiwa wewe unakwenda huku na rafiki yako anakwenda kule, mwezi utamfuata nani? Usimpe jibu. Wapo watoto watakaosema utamfuata kila mmoja, na wapo watakaonyamaza kwa muda mrefu, na ukimya huo una faida kubwa kuliko mhadhara, kwa kuwa mtoto ameanza kuona mwenyewe kwamba wazo lake limefika mahali haliwezi kupita. Hili sikushauri ulilazimishe. Akiendelea kuamini kwa mwaka mmoja zaidi hajapata hasara yoyote.

Kuhusu nyota zinazoanguka, nitasema machache. Anachokiona binti yako ni kimondo, yaani chembe ya mwamba au ya vumbi la anga, mara nyingi isiyozidi ukubwa wa punje ya mchanga, inayoingia katika angahewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, na kung'aa kwa joto la kugongana na hewa ikiwa kimo cha takriban kilomita 100. Nyota halisi haiwezi kutuangukia. Jua, ambalo nalo ni nyota, lina kipenyo kinachozidi cha Dunia mara 109, kwa hiyo kama kuna kuanguka, sisi ndio tungeliangukia. Mwachie mwenyewe ukaguzi: achague kundi la nyota analolifahamu, kama Kilimia, na kila akiona kimondo arudi kulitazama aone kama imepungua hata moja.

Sasa tuje kwenye kivuli, kwa kuwa hapa ndipo ninapokuomba usisubiri. Maelezo kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha Dunia kinaufunika yamewakaa watu wazima wengi mno, na chanzo chake ni rahisi kukielewa: mtoto huuliza kwa nini sehemu ya mwezi ina giza, na sisi, tukijua kwamba giza huletwa na kivuli, humtafutia kivuli kilicho karibu. Ukweli ni kwamba nusu ya mwezi huangazwa na jua wakati wote, kama vile nusu ya Dunia ilivyo mchana wakati wote, isipokuwa katika saa chache za kupatwa kwa mwezi. Kinachobadilika ni pembe tunayoitazamia. Mwezi ukiwa upande wa jua, nusu yake yenye mwanga hutupa kisogo na sisi huona ukingo mwembamba tu, ambao ndio mwezi mwandamo. Ukiwa upande ulio mkabala na jua, nusu yote yenye mwanga hutuelekea, na huo ndio mwezi mpevu. Mzunguko huo wa sura hukamilika kwa siku 29 na nusu hivi.

Kwa mtu mzima anayetaka ushahidi, upo wa aina tatu, na wote hauhitaji darubini. Kwanza, kivuli cha Dunia huelekea upande ulio kinyume na jua, lakini mwezi wa nusu huweza kuonekana mchana kweupe, jua likiwa upande mmoja wa anga na mwezi ukiwa upande mwingine, pembe mraba kati yao. Kivuli kingepinda vipi hadi kufika hapo? Pili, angalia umbo la mpaka kati ya mwanga na giza. Kivuli cha Dunia ni cha duara, na kinapoufikia mwezi upana wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya upana wa mwezi, kwa hiyo ukingo wake daima huingia ndani ya mwezi kwa mkunjo mpana. Aristotle aliutumia mkunjo huohuo, unaoonekana wakati wa kupatwa, kuwa hoja mojawapo kwamba Dunia ni mviringo. Siku chache kabla ya mwezi mpevu, hata hivyo, mpaka huo huvimba kuelekea nje, na hakuna kivuli cha duara kinachoweza kuchora umbo hilo. Tatu, kama sura za mwezi zingekuwa kazi ya kivuli, kupatwa kwa mwezi kusingekuwa tukio la kuwatoa watu nje usiku. Mzingo wa mwezi umeinama kwa takriban nyuzi 5 ukilinganishwa na njia ya Dunia kuzunguka jua, na kwa sababu hiyo miezi mingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli bila kukigusa.

Mtoto wa miaka saba hahitaji hoja hizo, anahitaji mpira. Subiri siku ambayo mwezi wa nusu unaonekana kabla jua halijazama, saa kumi alasiri kwa mfano, ukiwa juu upande wa mashariki. Simameni mahali penye jua, mpe mpira mdogo mweupe, mwambie aunyooshee mkono wake kuelekea mwezi hadi mpira na mwezi vikae ubavu kwa ubavu machoni pake, kisha umuulize ni upande upi wa mpira unaong'aa na ni upande upi wenye giza. Ataona kwamba mpira umegawanyika vilevile kama mwezi, upande uleule, kwa mpaka uleule. Jua liko mbali mara 400 hivi kuliko mwezi, kwa hiyo miale yake huufikia mpira na kuufikia mwezi ikitoka karibu mwelekeo mmoja. Hapo hakuna kivuli cha kitu kingine kilichoingia kati. Giza la mpira ni upande wake wenyewe usiotazama jua. Mkumbushe tu asigeuke kulitazama jua lenyewe. Nimeona watu wazima wenye shahada wakirudia jaribio hili mara mbilimbili kwa mshangao, na sidhani kama kuna picha ya kitabuni inayoweza kushindana nalo.

Picha za vitabuni, kwa hakika, zina lawama yao hapa. Mchoraji huchora mwezi mwandamo na kuweka nyota ndani ya pembe zake, mahali ambapo pana sehemu ya mwezi yenye giza, ambayo haijaondoka na ingeiziba nyota yoyote iliyo nyuma yake. Hapo mtoto hujifunza, bila mtu kumtamkia, kwamba mwezi ni kitu kinacholiwa kikaisha. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, mwonyeshe ile sehemu nyingine ikionekana kwa mwanga hafifu wa kijivu: huo ni mwanga wa jua uliogonga Dunia, ukaenda mwezini, ukarudi kwetu. Michoro mingi huuonyesha mwezi mwandamo ukiwa umesimama wima, jinsi unavyoelekea kuonekana ukiwa mbali na ikweta, ilhali karibu na ikweta huonekana mara nyingi umelala chali, pembe zikitazama juu, na mtoto wa huko anaweza kudhani kwamba macho yake ndiyo yaliyokosea.

Kabla sijaingia kwenye mvutano, niseme kwa nini kumwambia mtoto tu hakutoshi. Mwaka 1992 Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha utafiti waliowahoji watoto 60 wa shule ya msingi nchini Marekani kuhusu umbo la Dunia. Karibu wote walikuwa wameshaambiwa kwamba Dunia ni mviringo, na wangeweza kulitamka neno hilo bila shida. Walipohojiwa kwa undani, baadhi walieleza kwamba Dunia ni duara tupu ndani, nasi tunaishi kwenye sakafu bapa iliyomo humo. Wengine walikuwa na Dunia mbili, moja bapa tunayoikanyaga na nyingine ya mviringo iliyoko angani. Watoto hawa hawakuwa wazito wa kuelewa. Walikuwa wamepewa habari mbili zinazogongana, ya mwalimu na ya macho yao, wakazitafutia mahali pa kukaa pamoja bila kumkana yeyote. Hivyo ndivyo jibu sahihi lililomezwa bila kutafunwa linavyozaa kosa jipya, na kosa hilo hujificha vizuri kwa sababu maneno ya nje ni sahihi. Halimwachi mtu kwa kusoma sana: katika filamu ya elimu iliyotolewa mwaka 1987, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiwa bado katika majoho yao waliulizwa chanzo cha majira ya joto na baridi, na wengi wakajibu kwa kujiamini kwamba Dunia husogea karibu na jua. Kwa kweli Dunia huwa karibu zaidi na jua mapema mwezi Januari, wakati kizio cha kaskazini kiko katikati ya baridi yake, na majira hutokana na mwinamo wa mhimili wa Dunia wa nyuzi 23.4.

Wazo la kwamba angani hakuna mvutano nalo tumelitoa sisi, hasa kwa picha za wanaanga wanaoelea zikifuatwa na sentensi moja ya maelezo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka kwa kimo cha takriban kilomita 400, na katika kimo hicho nguvu ya uvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ile ya ardhini. Kama ungeweza kujenga mnara wa kimo hicho na binti yako mwenye kilo 30 akasimama juu yake kwenye mizani, mizani ingesoma karibu kilo 27, na akijikwaa angeanguka kama kawaida. Na mwezi wenyewe, ulio mbali mara mia tisa na ushei kuliko kituo hicho, ungeshatuacha zamani kama usingeshikwa na uvutano wa Dunia.

Wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka. Wao pamoja na kituo chao huanguka wakati wote kuelekea Dunia, lakini wakati huohuo wanakwenda upande kwa kasi inayokaribia kilomita 7.7 kwa sekunde, hivyo kadiri wanavyoshuka ndivyo uso wa Dunia unavyojikunja chini yao, na hawaufikii. Wakati kila kitu kinaanguka kwa mwendo mmoja, hakuna kinachokikandamiza kingine, na uzito tunaouhisi ni huo mkandamizo. Hili linaweza kuonyeshwa nyumbani. Toboa tundu dogo karibu na kitako cha chupa ya plastiki, lizibe kwa kidole, jaza maji na uiache chupa bila kifuniko. Ukiondoa kidole maji huruka nje, kwa kuwa maji ya juu yanayakandamiza ya chini. Sasa panda juu ya kiti imara, ushikilie chupa juu, ondoa kidole na uiachie ianguke. Kwa muda wote inapokuwa hewani maji hukoma kutoka, ingawa tundu liko wazi. Yakishagonga ardhi, bila shaka, yatamwagika kila mahali, kwa hiyo fanyeni jaribio hili nje. Mtoto ataliomba mara nyingi. Mvutano haukuzimwa hata kwa sekunde moja, na ameona kwa macho yake maji yakipoteza uzito.

Yapo mengine atakayokutana nayo baadaye, na nitayapitia kwa kifupi. Ataambiwa kwamba mwezi una upande wa giza. Upande usiotuelekea hupata mchana wa karibu majuma mawili kama upande unaotuelekea, na chombo cha Kisovieti Luna 3 kiliupiga picha ya kwanza Oktoba 1959. Atasikia kwamba nyota tunazoziona zimekwisha kufa zamani. Karibu zote zinazoonekana kwa macho matupu ziko ndani ya miaka elfu chache ya nuru, yaani mwanga wake umesafiri miaka elfu chache tu hadi kutufikia, ilhali nyota huishi kwa mamilioni au mabilioni ya miaka, kwa hiyo karibu zote bado zipo. Ataona filamu ambazo chombo kinakwepa kila upande miamba ya ukanda wa asteroidi, ile inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, ingawa Pioneer 10, chombo cha kwanza kuuvuka ukanda huo, kilipita mwaka 1972 na 1973 bila kudhurika, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukanda ni utupu mtupu.

Karibu makosa haya yote yangepungua kama mtoto angewahi kuona vipimo halisi mara moja, jambo ambalo ukurasa wa kitabu hauwezi kulifanya. Chukua mpira wa sentimita 20 uwe Dunia. Mwezi utakuwa kipira cha sentimita 5 na nusu hivi, na kabla hujamwonyesha pa kukiweka, mwambie yeye akiweke. Watu wengi, wakubwa kwa wadogo, hukiweka umbali wa mkono mmoja. Mahali pake ni mita 6 kutoka kwenye mpira. Jua katika kipimo hichohicho lina upana wa karibu mita 22 na liko zaidi ya kilomita 2 kutoka hapo. Nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, Proxima Centauri, ingelazimika kuwekwa zaidi ya kilomita 600,000 kutoka uwanjani mlipo, yaani mbali kuliko mwezi halisi ulioko angani usiku huo.

Kwa hiyo, ukiniuliza utaratibu, mwezi unaofuata gari na nyota zinazoanguka vishughulikie kwa maswali, bila haraka. Kivuli na mvutano visahihishe sasa, lakini fanya majaribio ya mpira na chupa ukiwa peke yako kwanza, uridhike wewe, ndipo umwite. Ukimaliza la mpira, anzeni daftari la mwezi jioni ya pili au ya tatu baada ya kuandama. Tazameni saa ileile kila siku mkiwa mmesimama mahali palepale, naye achore umbo na mahali mwezi ulipo. Utakuwa unasogea kuelekea mashariki zaidi ya upana wa ngumi moja iliyonyooshwa kila siku. Baada ya mwezi mpevu mtaukosa jioni, kwa sababu huchomoza ukichelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na wazazi wengi huacha hapo. Msiache. Juma moja baadaye utafuteni asubuhi, saa moja au saa mbili, upande wa magharibi, na mje na mpira uleule: nusu inayong'aa itakuwa ya upande wa pili, kwenye mwezi na kwenye mpira pia.